Walisomeana kwa sauti, na si kwa ujinga

Dhana: Waingereza wa karne ya 17 walisomeana majumbani kwa sababu wengi hawakujua kusoma.

Ukweli: Wasiojua walifaidika, hilo halina ubishi. Lakini tazama waliokuwa wakisomewa. Anne Clifford, bibi wa tabaka la juu, alikuwa msomaji mkubwa. Novemba 1616 aliandika kwenye shajara yake kwamba alikaa na kazi yake ya mikono huku watumishi wawili wakimsomea insha za Montaigne, mwandishi wa Ufaransa, ambazo walikuwa wakizisoma kwa karibu wiki mbili. Mikono ikiwa na sindano, kurasa atafunua nani?

Au mchukue Samuel Pepys, ofisa wa utawala wa jeshi la majini jijini London. Siku ya Krismasi 1668 alikwenda kanisani, kisha akarudi nyumbani. Mkewe hata hakuvaa nguo za kutokea. Alikaa mpaka saa nne usiku akirekebisha sketi yake na kuitia lesi. Pembeni yake, Pepys alisomewa na kijana wao wa kazi maisha ya Julius Caesar, kisha kitabu cha Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, kuhusu muziki. Macho yalikuwa yanamsumbua, na Mei 1669 aliacha kuandika shajara akihofia upofu.

Dhana: Hawakuzoea kusoma peke yao.

Ukweli: Pepys huyohuyo, Februari 1668, alinunua kitabu cha Kifaransa cha mambo ya faragha, akakisomea chumbani kwake, kisha akakichoma moto ili kisikutwe kati ya vitabu vyake. Hicho hakumwita kijana amsomee.

Dhana: Msomaji alikuwa baba, na kitabu ni Biblia.

Ukweli: Kwenye nyumba za washika dini ilikuwa hivyo mara nyingi. Kwingine, kama tulivyoona, msomaji alikuwa mtumishi.

Dhana: Aliyeshindwa kutia saini hakujua kusoma.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katika miaka ya 1640 wanaume wa Uingereza walioweza kusaini walikadiriwa kuwa kama 30 kati ya 100, na wanawake wachache zaidi. Ila watoto walifundishwa kusoma kwanza, kuandika kukafuata baadaye, na wengi, hasa wasichana, walitolewa masomoni kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo aliyechora msalaba kwenye hati mchana, huenda jioni ndiye aliyewasomea wenzake.