Je, wajua kwa nini sukari ya chungwa haihesabiwi kama sukari ya kijiko?

Chungwa la wastani lina gramu 12 hivi za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai. Ukikoroga vijiko hivyo kwenye kikombe cha chai, Shirika la Afya Duniani (WHO) linavihesabu vyote. Ukila chungwa, hakihesabiwi hata kimoja. Mwongozo wa shirika hilo kuhusu sukari, uliotolewa mwaka 2015, hauigusi kabisa sukari iliyomo ndani ya tunda zima, kwa maelezo kwamba hakuna ushahidi ulioonyesha kuwa inadhuru. Wengi wakisikia hivyo huona ni upendeleo, nao huuliza swali la haki kabisa: sukari si ni sukari tu?

Kikemia wana hoja. Kila molekuli ya sukari ya mezani, yaani sukrosi, ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana. Tunda nalo lina hizo hizo tatu: sukrosi, glukosi na fruktosi, kwa viwango vinavyotofautiana tunda hadi tunda. Zikishaingia mwilini, hakuna kiungo kinachotambua ipi ilitoka mtini na ipi kiwandani. Kwa hiyo anayekwambia kwamba sukari ya matunda haina neno kwa sababu ni ya asili, hajakupa sababu. Asali nayo ni ya asili, na karibu asilimia 80 yake ni sukari. WHO inaiweka kundi moja na ile ya mezani.

Sababu yenyewe iko kwenye umbo la tunda. Menya chungwa, chukua kipande kimoja, kisha kichune taratibu ile ngozi yake nyembamba. Ndani utakuta vifuko vidogo vingi vimebanana, kila kimoja kimejaa maji. Vifuko hivyo vimeundwa kwa seli, na sukari imo humo ndani ya seli, nyuma ya kuta za nyuzinyuzi. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuvunja kuta hizo, kwa hiyo kazi inabaki kwa meno, na meno hata yatafune vipi huacha seli nyingi zikiwa nzima. Zinashuka tumboni hivyo hivyo, na sukari inatoka kidogo kidogo. Isitoshe, kuna nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kama pektini, ambazo hukifanya chakula tumboni kuwa kizito na kukichelewesha kuingia utumbo mwembamba.

Kuchelewa huko kunalinda ini. Fruktosi nyingi ikifika kwenye ini kwa mkupuo, sehemu yake hugeuzwa mafuta. Katika utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2018, ilionekana kwamba fruktosi ikiwa kidogo, utumbo mwembamba huishughulikia wenyewe kabla haijafika kwenye ini. Ikizidi ghafla, utumbo unaelemewa na inayobaki inapita.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika jambo hili ni la zamani. Mwaka 1977, watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Waliwachukua watu 10 wenye afya nzuri wakawapa matufaha kwa namna tatu, kwa nyakati tofauti: mazima, yaliyopondwa rojo, na juisi isiyo na nyuzinyuzi. Kila mlo ulikuwa na wanga wa gramu 60. Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula matufaha mazima, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko yote. Sukari kwenye damu ilipanda karibu sawa mara zote tatu, jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Tofauti ilijitokeza baadaye. Baada ya juisi, insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ilipanda zaidi, kisha sukari ikaporomoka sana. Baada ya rojo iliporomoka kiasi. Baada ya tufaha zima haikuporomoka hivyo. Tunda lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba kuta zake zilikuwa zimebomolewa.

Ndiyo maana WHO inaihesabu juisi, hata ile uliyoikamua mwenyewe bila kutia chembe ya sukari. Glasi moja ya mililita 250 huhitaji machungwa kama matatu na ina gramu 20 hivi za sukari, maana nyingine hubaki kwenye makapi. Kula machungwa matatu mfululizo kunataka muda na nafasi tumboni, lakini glasi humalizwa kwa dakika moja na bado mtu akaagiza chakula. Ninawaonea huruma wazazi wanaonunua pakiti iliyoandikwa "haijaongezwa sukari" wakiamini wanampa mtoto matunda. Maandishi hayo ni kweli, na meno ya mtoto bado yanaogelea kwenye sukari.

Kikomo chenyewe ni hiki: sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali, sirapu na juisi, isifikie asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50, na WHO inapendekeza kushuka hadi chini ya nusu ya hapo ikiwezekana. Kopo moja la soda ya kawaida la mililita 330 lina gramu 35 hivi. Nyingine hujificha kwenye mtindi wenye ladha, sosi ya nyanya na nafaka za asubuhi. Kwenye orodha ya viambato itafute kwa majina yake mengine: dekstrosi, maltosi, sirapu ya glukosi, juisi ya matunda iliyokolezwa.

Linaloniumiza zaidi ni kuona mtu mwenye kisukari akiacha matunda yote kwa hofu, huku juisi akiendelea kunywa kwa kuwa "ni matunda". Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ, uliofuatilia Wamarekani zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi, ulikuta kwamba waliokula matunda mazima kwa wingi, hasa bluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa nadra zaidi, na waliokunywa juisi kwa wingi walikipata zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, ila unakubaliana na yale ya Bristol. Mwenye kisukari anaweza kula tunda zima, kwa kiasi, akiyagawa matunda ya siku badala ya kuyala kwa mara moja. Aangalie zaidi yale yaliyokaushwa, maana gramu 100 za zabibu mbichi zina sukari kama gramu 16, na za zabibu kavu zinakaribia 60. Kiasi kinachomfaa yeye mwenyewe atakijua kwa kupima damu kabla ya kula na saa mbili baadaye, kisha kuyapeleka majibu hayo kwa daktari wake.