Kiwango cha kuenea kwa kisukari: nambari hii inahesabu nini?

Ukisikia kisukari kimefikia asilimia fulani nchini, nambari hiyo inajibu swali moja: kwa kipindi hicho, kati ya watu wote, ni wangapi wanaoishi na ugonjwa huu? Aliyeambiwa jana na aliyekaa nao miaka 20 wote wamo. Hicho ndicho kiwango cha kuenea. Wagonjwa wapya wanaoongezeka kila mwaka ni hesabu nyingine, ingawa mara nyingi hesabu hizi mbili huchanganywa.

Mwaka 2015 Kenya ilifanya utafiti wa STEPS, ule wa mtindo wa Shirika la Afya Duniani wa kuchunguza maradhi yasiyoambukiza. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima damu watu wa miaka 18 hadi 69, na waliokutwa na kisukari walikuwa asilimia 1.9. Yaani katika kila watu wazima 1,000, 19 walikuwa na kisukari. Hiyo ni nchi nzima. Mijini kiwango huwa juu kuliko mashambani, kwa hiyo mtu wa Majengo au Kisauni, Mombasa, asiichukue 19 kama hesabu ya mtaa wake. Lakini kilichonishtua zaidi ni kwamba karibu asilimia 88 ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao.

Ndiyo maana daftari la kliniki haliwezi kutupa kiwango cha kweli. Daftari linamjua aliyefika tu.

Jambo jingine linalowatatiza wengi ni kudhani kwamba nambari ikipanda basi mambo yameharibika, na ikishuka tumeshinda. Hupanda watu wengi wakiugua, kweli, kwa unene, kukaa kitako kutwa na urithi wa ukoo (tusiyatwike mahamri na kaimati lawama zote). Lakini pia hupanda wagonjwa wakipata dawa kama insulini na metformini wakaishi miaka mingi. Na yaweza kushuka kwa sababu watu wanakufa mapema. Duniani, watu wazima wenye kisukari walikadiriwa kuwa milioni 200 mwaka 1990 na zaidi ya milioni 800 mwaka 2022. Ndani ya ongezeko hilo kuna maradhi, kuna watu kuongezeka, na kuna umri kurefuka.

Basi ili kujua hali yetu, lazima kiwango kisomwe pamoja na madhara. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu ya macho na figo, pamoja na neva za miguu. Mishipa mikubwa nayo ikiziba huleta mshtuko wa moyo na kiharusi.

Chukua muuza viazi karai wa Kongowea, anayesimama kutwa na ndara zake. Nyayo zimekufa ganzi bila yeye kutambua. Kijiwe kinaingia kati ya ndara na kisigino, anakikanyaga tangu asubuhi, na jioni anaona damu sakafuni wala hasikii maumivu yoyote. Kidonda anakipaka hiki na kile, wiki zinapita, hakifungi kwa sababu damu haifiki vizuri na vijidudu vimeshastawi. Anapelekwa hospitali kuu ya Makadara, anapimwa, kimashine kinasoma sukari ya milimoli 19 kwa lita ya damu. Daftarini anaandikwa mgonjwa mpya. Mwilini mwake ugonjwa una miaka. Watu kama yeye wakiwa wengi, maana yake tunaugundua ugonjwa tukiwa tumechelewa sana, hata kama asilimia ya taifa inaonekana ndogo.

Kipimo cha sukari cha asubuhi, kabla ya kula chochote, kikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa vilevile, hicho ni kisukari. Ukishaambiwa hivyo, usisubiri dalili: vua viatu ukaguliwe nyayo, omba mkojo upimwe kuangalia figo, na uombe uandikiwe kwenda kwa daktari wa macho. Vipimo hivyo virudiwe kila mwaka, hata kama unaona vizuri na miguu haikusumbui.