Je, wajua kwa nini jigi, ile ndoana yenye chubwi shingoni, inayovua samaki aitwaye besi kwenye tope hukataliwa kwenye maji maangavu?

Chukua jigi nyeusi yenye nyuzi za buluu, uzito wake gramu 14, iliyovikwa plastiki nene yenye magando mawili. Iangushe ubavuni mwa gogo lililozama, kwenye maji yaliyochafuliwa na mvua, na besi anaweza kuivamia hata kabla haijagusa chini. Ipeleke jigi hiyohiyo kwenye ziwa ambalo unahesabu mawe yake mita nne chini, na samaki wa aina ileile ataisogelea, ataitazama, kisha atageuka aende zake. Jigi ni ile, samaki ni yule. Kilichobadilika ni maji, na maji ndiyo yanayoamua besi awinde kwa mlango gani wa fahamu, na apate muda gani wa kukagua kitu kabla ya kukiingiza kinywani.

Kwa asiyeifahamu, jigi ni ndoana iliyomiminiwa chubwi ya risasi au ya tangsteni, metali nzito kuliko risasi, shingoni. Huvalishwa matamvua ya silikoni yanayoficha ndoana, na nyingi huwa na brashi ndogo ya nywele ngumu inayokinga ncha isinase kwenye majani na miti. Mkiani huongezwa kipande cha plastiki laini. Ikitua chini hufanana na kamba wa mtoni mwenye magando, na ikivutwa katikati ya maji hufanana na samaki mdogo. Besi, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, hula kwa kufyonza: hufunua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo. Akihisi si chakula, hukitema kwa kasi ileile. Ndiyo maana mvuvi mara nyingi hasikii mvuto wowote, ila mguso mmoja mwepesi kwenye ufito, au anaona mshipi ukisogea pembeni pasipo sababu.

Watu wengi huanza kwa kuchagua rangi. Rangi ina nafasi yake, lakini tujue kwanza maji huifanya nini. Kwenye maji maangavu mwanga mwekundu ndio humezwa mapema, kwa hiyo jigi nyekundu inayong'aa mkononi huwa ya kijivu au nyeusi kadiri inavyozama. Kwenye maji yenye rangi ya chai, yaliyolowekwa majani yaliyooza, mambo hugeuka: buluu ndiyo hupotea upesi, na nyekundu na njano hubaki zaidi.

Halafu kuna jicho la samaki mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu besi mdomo mkubwa waliofundishwa kuchagua rangi fulani ili wapate chakula. Jicho lake lina aina mbili za seli za kupokea rangi, moja ya kijani na nyingine ya nyekundu. Samaki waliofundishwa rangi hizo mbili walizitambua vizuri. Lakini buluu waliichanganya na nyeusi, na njano ile kali ya kung'aa waliichanganya na nyeupe. Kwa hiyo jigi nyeusi na buluu, ambayo wavuvi wengi huiapia kwenye tope, huenda kwa besi ni kitu cheusi tu. Na weusi huo ndio unaofanya kazi, kwa sababu kitu cheusi kikitazamwa kutoka chini, dhidi ya mwanga hafifu wa juu, huonyesha umbo lake hata maji yakiwa mazito.

Kwenye maji maangavu mambo ni kinyume. Huko besi anaona kijani na wekundu wake barabara, tena kwa mbali, na kosa lako analiona pia. Anza na kijani cha kuelekea kahawia, nyuzi zisizong'aa. Ukitaka kuwa na uhakika, mtazame kamba anayeishi hapohapo. Wakati mwingine besi uliyemvua hutapika gando, au gando huonekana ndani kabisa ya koo lake. Likiwa na ncha ya rangi ya machungwa, nyuzi mbili tatu za rangi hiyo ndani ya matamvua zinatosha.

Tope likizidi, macho hayana msaada mkubwa, na hapo mstari wa ubavuni unachukua kazi. Ni safu ya vitundu vidogo inayotoka nyuma ya shavu la samaki hadi mkiani, yenye seli zinazohisi maji yanaposukumwa. Hisia hii ni ya karibu, haikifikii kitu kilicho mbali. Maana yake ni mambo mawili. Kwanza, jigi inatakiwa isukume maji: matamvua mengi, magando mapana yanayopepea, na kwa wengine kikopo chenye gololi kinacholia ndani. Pili, inatakiwa ipite karibu na pua ya samaki, na si mara moja. Ukiitupa pembeni mwa gogo upande mmoja, rudia, kisha tupa upande wa pili. Kwenye maji maangavu kurudia hivyo kunaweza kumfukuza. Kwenye tope huenda ndiyo mara ya kwanza amekihisi kitu.

Hata hivyo, mimi huanza na uzito, rangi baadaye. Uzito ni muda. Jigi ya gramu 7 huelea polepole kwenda chini na kumpa samaki nafasi ya kuitafuta. Ya gramu 21 hupita mbele yake na kumlazimisha aamue. Lakini usisome gramu peke yake. Matamvua manene na plastiki pana hushika maji na kupunguza kasi, kwa hiyo gramu 14 iliyovaa sana inaweza kuzama taratibu kuliko gramu 10 iliyopunguzwa. Mkasi mdogo ni kifaa cha lazima kwenye boksi la uvuvi: shika matamvua kwa vidole, yavute yanyooke, ukate usawa wa mpindo wa ndoana. Ncha fupi husimama na kutikisika zenyewe hata jigi ikiwa imetulia chini, na umbo lote huwa dogo.

Kwenye maji maangavu basi una njia mbili: ndogo, nyepesi, iliyopunguzwa, ili ikikaguliwa isigundulike, au nzito inayoanguka haraka, isikaguliwe kabisa. Siku za joto, samaki wakiwa wachangamfu, naipenda hiyo ya pili. Kwenye tope njia ni moja: kubwa, nyeusi, inayozama taratibu.

Joto la maji linaweza kupindua hesabu hiyo. Mwili wa besi hufuata joto la maji, na yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi usagaji wake wa chakula hupungua sana na hapendi kufukuza kitu. Hapo magando yanayopepea kwa nguvu hayafai. Weka plastiki isiyo na mbwembwe, iache jigi chini, isogeze kidogo, subiri. Maji ya baridi na tope kwa pamoja ndiyo hali ngumu kuliko zote, kwa sababu samaki haoni na hataki kutembea. Unamfuata mlangoni kwake.

Upepo nao ubaki akilini. Mawimbi huvunja mwanga, na besi wa maji maangavu huwa hana uoga sana, kwa hiyo unaweza kupanda ukubwa. Pia upepo huvuta mshipi, na jigi nyepesi hutaisikia ikigusa chini.

Umbo la kichwa cha jigi, yaani chubwi yake, linafuata kilichopo chini kuliko rangi ya maji. Kwenye mawe, kichwa kipana kilicholala mlalo hakidumbukii kwenye nyufa, na ukikivuta huinamia mbele na kuinua magando juu, kama kamba anayejihami. Kwenye majani, chagua kilichochongoka, chenye tundu la mshipi kwenye ncha ya pua. Kwenye miti, kichwa bapa na brashi ngumu.

Tangsteni ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi 11.3. Kwa gramu zilezile kichwa cha tangsteni ni kidogo, jambo lenye faida hasa kwenye maji maangavu, na kwa kuwa ni kigumu, kila jiwe unalisikia mkononi. Risasi pia ni sumu kwa ndege: Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi mwaka 1987 baada ya bata maji kufa kwa kuzimeza.

Kupima uangavu hakuhitaji kifaa. Mwaka 1865 padri na mwanasayansi Angelo Secchi wa Italia alishusha sahani nyeupe baharini na kupima inapotelea wapi. Fanya hivyo kwa jigi nyeupe pembeni mwa chombo. Ikipotea kabla ya sentimita 30, chukua nyeusi na kubwa. Ikionekana kupita mita moja na nusu, chukua ya kijani-kahawia iliyopunguzwa. Katikati ya hapo, kahawia iliyokolea yenye nyuzi nyeusi inafaa.

Ukikuta mahali ambapo maji ya tope ya mto yanakutana na maji maangavu ya ziwa, pima pande zote mbili, kwa sababu besi hupenda kujificha ndani ya tope akitazama nje. Tumia hiyo ya katikati, itupe upande maangavu, kisha iburute chini hadi iingie kwenye tope, na usiharakishe mita ile ya mwisho.