Kura ya maoni ya kujitenga ni kura gani?

Mtajie mtu wa Mbeya "kura ya maoni", atakuuliza kwanza: ya chama gani? Kwetu jina hili limezoeleka kwa kura za ndani ya chama, zile za kumpata mgombea ubunge au udiwani, wajumbe wamejazana ukumbini na watia nia wanajieleza kwa dakika chache. Redioni nako utalisikia kwa maana nyingine, ya watafiti wanaouliza watu elfu moja au mbili wanamkubali nani. Ninayoizungumzia hapa si hiyo wala ile. Hii ni kura ambayo wananchi wote wenye haki ya kupiga kura wanaulizwa swali moja juu ya jambo moja, nao wanajibu Ndiyo au Hapana. Karatasi haina picha ya mgombea. Wazanzibari waliipiga Julai 31, 2010, walipoulizwa kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa; asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Sasa, swali likiwa ni kama sehemu ya nchi itoke kwenye muungano na kuwa dola yake yenyewe, hiyo ndiyo kura ya maoni ya kujitenga.

Isichanganywe na kumegwa kwa mkoa. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na hakuna aliyepanga foleni kupiga kura. Ule ni mgawanyo wa utawala ndani ya nchi ileile. Mtu wa Vwawa hakulala Mtanzania akaamka raia wa kwingine.

Kilichonifanya niandike haya ni mabishano ya kijiweni Mwanjelwa, asubuhi moja ya baridi ya Julai, ile ambayo kikombe cha kahawa unakishika kwa mikono miwili. Mzee mmoja alikuwa akisoma kwenye simu kwamba Scotland, nchi iliyo ndani ya muungano wa Uingereza, wanadai kura nyingine ya kutoka. Kijana wa bajaji akadakia: "Samahani mzee, kwani hao nao walitawaliwa? Si ndio walewale wakoloni?"

"Hawakutawaliwa kama sisi, mwanangu. Wale waliungana. Bunge lao lilikubali, mwaka 1707."

"Bunge. Wananchi waliulizwa?"

Mzee akacheka. "Waliulizwa 2014."

Kijana alikuwa amegusa penyewe bila kujua. Sisi tukisikia "uhuru" tunaiona Desemba 9, 1961, bendera ya mkoloni inashuka. Scotland haikuwa koloni. Mfalme wake ndiye aliyerithi kiti cha jirani yake England mwaka 1603, na miaka 104 baadaye mabunge mawili yakawa moja. Ndiyo maana hata maneno yenyewe huwa na upande. Anayetaka kutoka atasema "kujitawala" au "uhuru". Anayetaka wabaki atasema "kujitenga", neno lenye harufu ya kununa na kuwakimbia wenzako. Sikiliza mtu anaanza na neno lipi, utajua atapiga wapi.

Kura ya Scotland ilipigwa Septemba 18, 2014. Hapana ilipata asilimia 55.3, Ndiyo asilimia 44.7, na waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6 ya walioandikishwa. Ila maandalizi yake yanafundisha zaidi kuliko matokeo hayo, kwa sababu ugomvi mkubwa wa kura za namna hii huwa ni wa kabla ya sanduku kufunguliwa.

Kwanza, nani apige? Waliamua kwamba mpiga kura ni mkazi, na wakashusha umri hadi miaka 16. Mskoti aliyehamia London hakupiga. Mwingereza, hata raia wa Poland, aliyekuwa akiishi Glasgow alipiga. Chukulia ingekuwa huku: mtu wa Tukuyu mwenye duka Kariakoo angekaa pembeni, na mtu wa Moshi mwenye duka Mwanjelwa angepiga. Wapo watakaoona ni dhuluma. Mimi naona ni sawa, kwa kuwa atakayelipa kodi na kusomesha watoto chini ya serikali mpya ni huyu aliyepo.

Pili, swali. Wakulima wa viazi wanaijua lumbesa: gunia limejaa, halafu juu linashonewa kilemba, na bei ni ileile ya gunia moja. Swali la kura nalo hufungwa lumbesa. Quebec, jimbo la Canada, mwaka 1995 waliulizwa kama wanakubali jimbo liwe na mamlaka yake kamili baada ya kuipa Canada rasmi pendekezo la ushirikiano mpya wa kiuchumi na kisiasa, kwa mujibu wa muswada fulani na makubaliano yaliyosainiwa Juni 12 mwaka huo. Mpiga kura anasema ndiyo kwa lipi hapo? Kwa kutoka, au kwa ushirikiano? Scotland serikali yao ilipendekeza swali lianze na "Je, unakubali kwamba...", Tume ya Uchaguzi ikaona linamsukuma mtu kuelekea ndiyo, likabadilishwa likawa: Je, Scotland iwe nchi huru? Basi.

Tatu, ngapi zinatosha? Quebec walikosa kwa unyoya: Hapana asilimia 50.58, Ndiyo 49.42, tofauti ya kura 54,288 kati ya zaidi ya milioni 4. Kama zingegeuka, nchi ingevunjwa kwa tofauti hiyo hiyo? Montenegro mwaka 2006 waliwekewa sharti na Umoja wa Ulaya kwamba Ndiyo ifike asilimia 55. Ikapata 55.5, yaani kama kura elfu mbili juu ya mstari, wakatoka kwa Serbia. Sudan Kusini, Januari 2011, sharti lilikuwa la watu kujitokeza: wasipungue asilimia 60 ya walioandikishwa. Huko hakukuwa na mbishi, Ndiyo ilikuwa asilimia 98.83, na Julai 9 wakapandisha bendera. Kiwango chochote kinaweza kutetewa mradi kimekubaliwa mapema. Kikitajwa baada ya kuhesabu ni wizi.

Halafu kuna yale ambayo karatasi ya kura haiyataji, na hapo ndipo watu wa kwetu wanaweza kuwaelewa Waskoti vizuri kuliko wanavyodhani. Nenda Tunduma. Unavuka barabara tu uko Nakonde, Zambia, na pesa yako mfukoni imeshageuka bidhaa: lazima umtafute mbadilishaji, shilingi kwa kwacha, na bei ya asubuhi si ya jioni. Waskoti walibishana juu ya hilohilo. Alex Salmond, aliyeongoza upande wa Ndiyo, alisema wataendelea kutumia pauni kwa pamoja na Uingereza. Februari 2014 waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, akajibu kwamba mkitoka, pauni hamgawiwi. Deni la taifa je? Pensheni ya mzee aliyechangia miaka 30? Mafuta ya Bahari ya Kaskazini? Kura inajibu kama mtatoka. Mnatokaje, hayo ni mazungumzo ya miaka.

La mwisho ni ruhusa. Kura ya 2014 ilikuwa na nguvu kwa sababu serikali ya Uingereza iliyoko London na ya Scotland iliyoko Edinburgh zilisaini makubaliano mwaka 2012 kwamba zitaheshimu matokeo. Catalonia, jimbo la Hispania, walipiga ya kwao Oktoba 1, 2017 bila Hispania kukubali na mahakama ikiwa imezuia. Ndiyo ikapata kama asilimia 90, lakini wengi waliotaka kubaki walisusa, na Catalonia ipo Hispania hadi leo. Scotland yenyewe, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya huku asilimia 62 ya Waskoti wakiwa wamepiga kubaki, ilitaka iulizwe tena. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ikasema bunge lao haliwezi kuitisha kura hiyo bila ridhaa ya London.

"Sasa mzee," kijana akarudi, "na sisi na Zanzibar?"

Mzee alisogeza kikombe. Alisema muungano huo wa 1964 ulikuwa wa Nyerere na Karume, haukupigiwa kura ya wananchi. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ilileta serikali tatu, Bunge Maalum likarudisha mbili, na kura ya maoni ya katiba iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa.

"Mpaka lini?"

Abiria wa Uyole alikuwa ameshapanda bajaji, anagonga bodi kwa kiganja.