Timu saba, begi moja: mchezaji wa kuhamahama anavyogeuka kuwa kocha

Jumanne iliyopita, baada ya mazoezi ya kikapu pale Chinangali Park, hapa Dodoma, kijana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma akinisaidia kukusanya koni. Nilijua ana neno. Alizunguka weee, mwisho akalitoa: "Mwalimu, samahani nikuulize. Nasikia ulichezea timu saba. Kwani walikuwa hawakutaki?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu giza lilikuwa linaingia na alikuwa bado hajapata daladala ya Nkuhungu. Jibu refu naliandika hapa. Si yeye peke yake anayeuliza, hata wazazi huniuliza, ila wao hulizungusha swali.

Ndiyo, kuna waliokuwa hawanitaki. Lakini mara nyingi zaidi walinitaka kwa kazi fulani, na kazi hiyo ilipokwisha na mimi nikawa nimekwisha. Kikapu kina watu watano uwanjani na majina 12 kwenye karatasi ya mechi kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Katika hao 12, wawili watatu ndio nguzo ambazo klabu haitaki kuziachia. Waliobaki ni watu wa kuziba mapengo: pointi gadi wa kwanza, yule anayepanga mchezo, kaumia goti, senta, yule mrefu wa karibu na ringi, kapata kazi mkoa mwingine, mdhamini kaleta hela kidogo katikati ya msimu. Hapo ndipo simu yangu ilikuwa inaita. Nilikuwa mtu wa kuziba pengo, na kuziba pengo ni ujuzi kama ujuzi mwingine wowote.

Hata huko juu kabisa mambo ni hayohayo. NBA, ligi kuu ya Marekani, wana mkataba wa siku 10. Unaanza kutolewa Januari 5 kila msimu, unadumu siku 10 au mechi tatu, kutegemea kipi kirefu, na timu moja haiwezi kukupa zaidi ya miwili kwa msimu. Baada ya hapo wakusajili mpaka mwisho wa msimu au wakuache uende. Fikiria maana yake. Unashuka kwenye ndege, unapimwa, unapewa jezi, na kesho yake unatakiwa ucheze na watu ambao majina yao bado unayachanganya. Kuna wanaume wazima wenye watoto waliojenga maisha yao kwa vipande vya siku 10.

Wetu tunayeweza kujivunia ni Hasheem Thabeet. Watoto ninaowafundisha wanajua alichaguliwa wa pili katika rasimu, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ya mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, akaenda Memphis Grizzlies. Wachache wanajua kilichofuata. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha kwenye ligi ya maendeleo, Dakota Wizards. Kisha Houston, Portland, Oklahoma City, na baadaye Japani na Taiwan. Wapo wanaoisimulia safari hiyo kwa huzuni, na mimi siwaungi mkono. Mtu aliyeendelea kupata kazi ya kikapu katika nchi moja baada ya nyingine, miaka zaidi ya kumi baada ya rasimu, ana kitu anachokijua.

Kitu hicho ni kujifunza haraka. Nikupe mfano wa jioni moja.

Nilikuwa nimejiunga na timu yangu ya tatu, siku ya pili tu, tukaingia kwenye mechi. Dakika ya tano kocha akanyanyua ngumi. Kule nilikotoka, ngumi maana yake senta anapanda kuniwekea skrini, yaani kusimama njiani amzibe mlinzi wangu, upande wa kulia, mimi napita juu yake. Nikasubiri skrini. Haikuja. Kwenye timu hii ngumi ilimaanisha senta anabaki chini, mchezaji wa pembeni anatoka kwenye kona na kukimbilia ringi, na mpira unatakiwa umkute hewani. Mwenzangu alikimbia, mimi nikiwa nimeganda na mpira mkononi. Sekunde 24 za kushambulia zikaisha. Kocha hakunifokea, alinitoa tu.

Usiku ule nikanunua daftari la kurasa 96, lile la shule. Nikachora nusu ya uwanja kwa rula, nikaandika kila alama ya timu ile na maana yake: ngumi, pembe, vidole viwili, mkono kichwani. Pembeni nikaandika jina la kila mchezaji na mpira anaupenda uje wapi. Huyu apigiwe chini, kifua hakitaki. Huyu ukimpa akiwa anakimbia ataupoteza, msubiri asimame. Toka siku hiyo sikuingia timu mpya bila daftari jipya. Ninayo matano mpaka leo, na yamekuwa mekundu kwa vumbi la mji huu.

Bila kujua, nilikuwa naandika vitabu vya kocha. Hapa ndipo mazungumzo mengi kuhusu wachezaji wanaogeuka makocha yanapokosea. Watu hudhani aliyecheza vizuri sana ndiye atakayefundisha vizuri sana. Mwenye kipaji kikubwa mara nyingi hajui alichofanya. Ukimuuliza umepitaje pale, atakwambia "nimeona upenyo". Basi. Aliyekaa benchi dakika 30 kati ya 40 ameona upenyo ulivyotengenezwa, nani alisogea, nani alichelewa, na kwa nini kocha alisimama.

Mtazame Tyronn Lue, mchezaji wa NBA aliyegeuka kocha. Mwaka 1998 alichaguliwa nafasi ya 23, akatua Lakers, kwa kocha Phil Jackson aliyekuja mwaka uliofuata. Katika fainali za 2001 dhidi ya Philadelphia alikuwa na kazi moja, kumsumbua nyota wao Allen Iverson, na katika mazoezi ndiye aliyejifanya Iverson ili wenzake wajue kinachokuja. Watu wanakumbuka picha moja tu ya mchezo wa kwanza: Iverson kafunga, Lue yuko chini, Iverson anamvuka kwa hatua ndefu. Philadelphia walishinda mchezo ule, Iverson akiwa na pointi 48. Lakers wakashinda minne iliyofuata wakachukua ubingwa.

Mimi navutiwa zaidi na miaka ya baadaye. Washington akamkuta kocha Doug Collins, na Michael Jordan akiwa mchezaji mwenzake. Orlando akacheza chini ya Doc Rivers mechi 11 tu, maana timu ilishinda moja ikapoteza 10 na Rivers akafukuzwa. Houston akakaa kidogo na Jeff Van Gundy, halafu Atlanta, Dallas, Milwaukee, kisha Orlando tena. Hesabu madarasa aliyokaa. Alipoacha kucheza mwaka 2009, aliyempokea kwenye kazi ya ufundi huko Boston ni Rivers yuleyule wa mechi 11. Januari 2016 akakabidhiwa Cleveland katikati ya msimu, na mwezi wa sita, katika fainali, timu hiyo ikatoka nyuma kwa michezo 3 kwa 1 ikawafunga Golden State, waliokuwa wameshinda mechi 73 za msimu wa kawaida. Mechi 11 za timu mbovu zilimtosha Rivers kumjua mtu wa kufanya naye kazi. Ndiyo maana nawaambia vijana: kwenye timu inayofungwa kila wiki bado kuna mtu anakuangalia unavyokuja mazoezini.

Niseme kidogo kuhusu hela, kwa sababu hapa ndipo wachezaji wetu wanapoumia. Kikapu cha Tanzania kwa sehemu kubwa bado ni cha ridhaa. Unapewa nauli, posho, pengine chumba cha kulala, na wenye bahati huajiriwa na taasisi yenye timu. Kwa hiyo mkataba wa kwanza wa nje ukija, mtu anasaini akiwa amesimama. Mimi nilisaini hivyo. Klabu moja nje ya nchi ilinilipa mwezi wa kwanza, wa pili nusu, wa tatu na wa nne kimya. Nilirudi kwa basi nikiwa nimekopa nauli, na sikuwa na pa kuwashtaki.

Nilichojifunza baadaye, na leo namwambia kila anayekuja kwangu na karatasi: tafuta kifungu cha usuluhishi. FIBA walianzisha mwaka 2007 chombo cha usuluhishi wa migogoro ya mikataba ya kikapu, kiko Geneva, Uswisi, kinaitwa BAT. Msuluhishi anaamua kwa haki na usawa bila kuzama kwenye sheria za nchi fulani, na klabu ikikaidi uamuzi FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Lakini chombo hicho hakikusikilizi mpaka pande zote mbili ziwe zimekubali kwa maandishi kwenda huko. Mkataba wangu haukuwa na sentensi hiyo moja. Na usiondoke klabu bila barua ya kuruhusiwa. Bila hiyo shirikisho la nchi unayokwenda halikusajili, utakaa jukwaani na jezi kwenye begi.

Turudi kwenye kufundisha. Daftari lilinipa mbinu, ila halikunipa sauti. Mchezaji wa kuhamahama anaishi kwa kukubali. Unaingia kwenye timu ya watu, unakaa kiti kilichobaki, unacheka wanachochekea, huulizi kwa nini. Miaka 12 nilikuwa hodari wa kunyamaza. Halafu siku moja nimesimama mbele ya vijana 15 na wote wananiangalia mimi.

Taimauti ya kwanza niliyoita nikiwa kocha niliiharibu. Ni sekunde 60, na 15 zimeisha kabla hawajakaa. Nilikuwa na mambo sita ya kusema, nikayasema yote. Walirudi uwanjani wakatupa mpira nje. Sasa nasema mawili: tunamlinda nani, na mpira wa kwanza unakwenda kwa nani. Likiwepo la tatu namnong'oneza mhusika mmoja tu. Hapa Dodoma naongeza upepo. Mwezi wa nane na wa tisa, kwenye uwanja wa wazi, mpira wa pointi tatu unaotupwa kinyume na upepo unakata njiani, kwa hiyo tukiwa tunashambulia upande ule tunaingia ndani, tunatafuta faulo na mitupo huru. Hilo sikulisoma kwenye kozi yoyote, nilifungwa mechi mbili kwanza.

Kilichoniwia kigumu kuliko vyote ni kumwacha mtu. Vijana 15 wanafanya mazoezi, 12 ndio wanasafiri. Mimi niliachwa mara ya kwanza kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nilisoma majina mara tatu nikidhani nimeruka mstari, na waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasubiri nipishe. Niliapa sitamfanyia mtu hivyo. Kwa hiyo wiki iliyopita, kabla ya safari ya Singida, niliwaita watatu mmoja mmoja kwenye ngazi za jukwaa. Nilimwambia kila mmoja hutasafiri, na sababu ni hii, na ukiirekebisha nitaiona. Mmoja aliondoka bila kuaga. Mmoja alilia kidogo akaomba radhi kwa kulia, nikamwambia hana kosa.

Wa tatu aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mwalimu, nifanye nini hasa?" Nikamwambia mkono wa kushoto. Kila mlinzi wa mkoa huu anajua utakwenda kulia, anakusubiri hukohuko.

Tulivyorudi kutoka Singida nilipita uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi bado ipo. Nilisikia mpira kabla sijamwona mtu. Alikuwa peke yake, anapanda na kushuka uwanja mzima akidunda kwa kushoto, na mkono wa kulia ameuchomeka mfukoni ili usimsaidie.