Profumo hakung'olewa na kimada

Kila kashfa ya Profumo ya 1963 inapotajwa, wanafunzi wa siasa huandika sentensi ileile: Waziri wa Vita wa Uingereza alifukuzwa kazi kwa kutembea na msichana. Hapo kuna makosa mawili. Hakufukuzwa, alijiuzulu Juni 5. Na kilichomng'oa si msichana.

Fuateni tarehe, jamani. John Profumo alikutana na msichana huyo, mwanamitindo Christine Keeler, Julai 1961 huko Cliveden, kwenye bwawa la kuogelea la makazi ya Lord Astor. Walikuwa wameshaachana muda mrefu kabla ya uvumi kufika bungeni. Machi 21, 1963 wabunge watatu wa chama cha upinzani cha Labour, George Wigg, Richard Crossman na Barbara Castle, waliugusia ukumbini, mahali ambapo mbunge hashitakiwi kwa alichosema. Usiku huohuo wa manane Profumo aliamshwa. Mawaziri watano, akiwemo Mwanasheria Mkuu na mnadhimu wa serikali, wakakaa naye kuandaa tamko. Saa tano asubuhi, Machi 22, akasimama na kusema hakukuwa na lolote lisilofaa kati yake na Keeler, na kwamba atakayerudia tuhuma hizo nje ya Bunge atamshtaki.

Tamko lile lilikuwa maelezo binafsi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Waziri akijibu swali la kawaida, hufuata maswali ya nyongeza; akidanganya, anaweza kubanwa. Maelezo binafsi husikilizwa kimya: hakuna swali, hakuna mjadala. Wabunge wanaacha haki yao ya kuhoji kwa kuamini kwamba msemaji anasema kweli. Akiutumia ukimya huo kudanganya, amewadanganya wote, wa chama chake kwanza. Azimio la Bunge la Juni 20 lilimtia hatiani kwa kulidharau Bunge vibaya sana, kwa kuwa maelezo ya Machi 22 yalikuwa na maneno ambayo baadaye alikiri si ya kweli. Keeler hatajwi humo, wala uzinzi. Anayejibu swali la mtihani aanze na Machi 22, aliache bwawa la kuogelea la Cliveden kwa magazeti.

Lakini msiruke upande wa pili mkasema Uingereza uongo wa kiserikali lazima umwangushe waziri. Machi 1959, chini ya Waziri Mkuu yuleyule wa wakati wa Profumo, Harold Macmillan, wakuu wa koloni la Kenya walitangaza kwamba wafungwa wa Hola, kambi ya kuwazuilia watuhumiwa wa Mau Mau, walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Watu 11 walikuwa wamekufa kwa kipigo. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakujiuzulu.

Kuhusu madai kwamba siri za nyuklia zilivuja kupitia Keeler kwa Yevgeny Ivanov, mwambata msaidizi wa jeshi la majini katika ubalozi wa Urusi ya Kisovieti, ambaye naye alihusishwa na Keeler: ripoti ya uchunguzi ya jaji Lord Denning, Septemba 1963, haikuona siri yoyote iliyopotea. Katibu wa Baraza la Mawaziri alikuwa amemwonya Profumo kuhusu Stephen Ward, tabibu wa viungo aliyekuwa rafiki wa Keeler na Ivanov, tangu Agosti 1961, na MI5, idara ya usalama ya Uingereza, wenyewe walitumaini kumtumia Ward kumvuta Ivanov upande wao.

Ward naye husemwa kwamba alithibitishwa kuwa kuwadi. Kati ya mashtaka matano, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwa matatu na kumtia hatiani kwa mawili Julai 31, akiwa hajitambui hospitalini baada ya kumeza vidonge. Alikufa Agosti 3. Hakuna hukumu ya kifungo iliyosomwa.

Macmillan? Aliondoka Oktoba kwa ugonjwa wa tezi dume. Kashfa ilikuwa imemchosha, hilo halina ubishi, ila anayedai kwamba ndiyo iliyokiangusha chama chake cha Conservative katika uchaguzi wa 1964 aeleze kwanza kwa nini Labour walipata wingi wa viti vinne tu.