Namba ya Kampuni Ibaki kwa Kampuni: Simu za Ofisi kwa Wanaofanyia Kazi Nyumbani

Mteja anayepiga simu hajali aliyempokea ameketi wapi. Anataka apokewe na ahudumiwe. Hata hivyo, ofisi nyingi zilipowaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani, swichibodi, yaani mtambo wa kupokea na kugawa simu, ilibaki ofisini na watu wakaambiwa watumie simu zao za mkononi. Madhara huonekana baadaye. Wateja wanahifadhi namba binafsi ya mfanyakazi, naye akiacha kazi wateja wanamfuata. Aliye likizo anapigiwa usiku wa manane. Mzozo ukizuka kuhusu nini kiliahidiwa, hakuna hata kumbukumbu ya nani aliongea na nani. Ndiyo maana kabla ya kuulizana bei ya mtambo mpya, nashauri tukubaliane jambo moja: namba ni mali ya kampuni, na mfanyakazi huitumia akiwa kazini.

Simu za intaneti zinaliwezesha hilo kwa sababu hazimtambui mtu kwa waya unaoingia mezani kwake, bali kwa akaunti yake. Itifaki inayotumika zaidi, yaani kanuni ambazo vifaa hufuata ili kuwasiliana, ni SIP, iliyopata toleo lake la sasa mwaka 2002. Kazi yake ni kumtafuta anayepigiwa, kuita, kuunganisha na kukata. Sauti yenyewe hugawanywa katika pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, kwa kawaida kila moja ikibeba milisekunde 20 za mazungumzo. Akaunti moja inaweza kuwekwa kwenye simu ya mezani, kwenye kompyuta na kwenye programu ya simu ya mkononi, zote zikaita kwa pamoja au kwa zamu. Mfanyakazi akipiga kupitia programu hiyo, mteja huona namba ya kampuni. Saa za kazi zikiisha, simu huelekezwa kwa mwenzake wa zamu au kwenye ujumbe wa sauti, naye apumzike.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama intaneti ya nyumbani itatosha. Kwa kasi, mara nyingi inatosha. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, ya zamani ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha taarifa zinazoambatana na kila pakiti inafika 80 na ushee kwa kila upande, kwenda na vilevile kurudi. Kodeki mpya zaidi ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, hutumia chini ya hapo na sauti ikabaki safi. Kinachoharibu simu ni kuchelewa na kupotea kwa pakiti. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani mwa mmoja hadi sikioni mwa mwingine. Ikizidi sana hapo, watu huanza kukatizana bila kukusudia, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Kwa hiyo usipime mtandao alfajiri nyumba ikiwa kimya. Pima wakati wengine wanatazama video na kompyuta inapakia mafaili makubwa, maana hapo ndipo pakiti za sauti hupanga foleni nyuma ya pakiti nyingine. Sauti ikikwaruza au kumeza maneno, unganisha kompyuta na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwa waya, halafu kwenye ruta ipe sauti kipaumbele. Upande mmoja usiposikika kabisa, kosa mara nyingi liko kwenye ruta. Tafuta kwenye mipangilio kipengele cha SIP ALG, ambacho hubadilisha ujumbe wa SIP unapopita kwenye ruta, ukizime. Kilitengenezwa kisaidie, lakini kwenye ruta nyingi kinavuruga. Mwangwi nao huisha mtu akivaa hedifoni yenye kipaza sauti.

Usalama usiachwe hadi baada ya kuhama. Wezi wana programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta mitambo ya simu na kubahatisha nywila. Wakiingia, hupiga namba za nje za gharama kubwa ambazo wao hupata mgao wake, na hupendelea wikendi, wakati hakuna anayetazama. Bili inakuja kwa kampuni. Kila akaunti iwe na nywila ndefu ya pekee, nchi msizozipigia zifungwe, na mtoa huduma awawekee kikomo cha matumizi kwa siku. Dai pia mazungumzo yasimbwe ili asiyehusika asiyasikilize, kwa TLS inayolinda taarifa za kuunganisha simu na SRTP inayolinda sauti yenyewe, hasa kwa wanaofanyia kazi kwenye mitandao ya hadharani.

Kuna jambo jingine linalogusa uhai wa watu. Simu ya waya wa shaba ilipata umeme kutoka kituo cha simu, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi hata nyumba ikiwa gizani. Simu ya intaneti huzimika pamoja na ruta. Betri ya akiba kwa ruta inasaidia, na mtambo upangwe kuhamishia simu kwenye laini ya mkononi akaunti ikipotea hewani. Tena, aliyeko nyumbani akipiga namba ya dharura kupitia mfumo wa ofisi, waokoaji wanaweza kuelekezwa ofisini. Anwani ya kila mtu iandikwe kwenye mfumo na ibadilishwe akihama, au wafanyakazi waelezwe wazi kwamba dharura hupigwa kwa simu ya mkononi.

Laini za shaba zinaondolewa polepole. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani Januari 2027. Kabla ya kuachana na laini zenu, kagueni kila kilichochomekwa humo: faksi, mashine za kadi, king'ora, simu ya ndani ya lifti. Na msivunje mkataba wa zamani kabla namba haijahamishiwa kwa mtoa huduma mpya na kujaribiwa kwa kupigiwa kutoka nje. Laini ikishakatwa, namba inaweza kupotea nayo, na kuirudisha hakuna uhakika.